Kugonga Bure

MARIVIC: Haloo? Nani mwenzangu?

JUNREY: Dada... ni mimi.

MARIVIC: Mimi nani? Hii namba ni ya nahodha Berting—

JUNREY: Junrey. Simu yangu imeingia maji.

MARIVIC: Junrey! Wewe mtoto wewe! Tangu asubuhi nimeshika simu mpaka vidole vimekufa ganzi. Uko wapi?

JUNREY: Huku Badian, ufukweni. Tumempata, dada. Mzee Halvard tumempata. Mzima.

MARIVIC: Nimeshajua! Binti wa huyo mvuvi aliyemwokota kaweka picha mtandaoni. Nimemwona mzee wa watu kajifunika shuka la maua, anakula samaki kwa mikono. Nimelia hapa dukani mbele ya wageni waliokuja kuzamia, sikujali. Na ile mishumaa niliyowasha kanisani! Mwuza mishumaa kaniuliza nimefiwa na nani.

JUNREY: Dada, kuna kitu nataka—

MARIVIC: Ngoja kwanza. Kaumia?

JUNREY: Kaungua jua puani, midomo imepasuka. Basi. Mkondo ulimchukua pale kwenye kona ya kisiwa, ukamleta mpaka huku. Akapuliza lile boya lake la rangi ya chungwa, akalikumbatia. Wavuvi walidhani ni takataka zinaelea.

MARIVIC: Yesu na Maria. Mwalimu mstaafu wa Norwei, kichwa cheupe pee, anaelea kama chupa!

JUNREY: Na anacheka, dada. Hilo ndilo linaloniua. Anacheka huku machozi yanamtoka. Watoto wa hapa wamemzunguka, anawafundisha ile alama yetu. Ngumi mbili, moja huku, moja huku, kando ya kichwa.

MARIVIC: Papa nyundo! (anacheka) Si nilikwambia? Wiki nzima kanuna. Umemwonyesha kasa, kanuna. Umempitisha kwenye dagaa, wamejazana mpaka wameziba jua, kanuna. "Bibi Marivic, papa wangu yuko wapi?" Miaka yote anayokuja tangu mkewe afariki, anarudi kwao mikono mitupu. Na leo siku yake ya mwisho, kumbe kamwona!

JUNREY: Dada...

MARIVIC: Yule binti kaandika mzee kamwona papa, na mimi nimeshaandika ubaoni. Chaki nyeupe, herufi kubwa: LEO PAPA NYUNDO AMEONEKANA, KONA YA KISIWA. Jirani yetu, mwenye duka kama letu, kapita hapa mara tatu anajifanya anamtafuta paka wake. Na paka mwenyewe kalala kwangu chini ya meza!

JUNREY: Futa.

MARIVIC: Nifute nini?

JUNREY: Ubao. Ufute, dada.

MARIVIC: (mkwaruzo) Sikusikii vizuri. Nasema Wakorea sita wamejiandikisha. Kesho asubuhi, palepale kwenye kona. Walikuwa wanakwenda kwa jirani, wakaona ubao wakageuka. Sita, Jun! Tangu Pasaka hatujapata sita kwa mpigo. Nitawashusha mimi, wewe upumzike. Niambie tu maji yakoje.

JUNREY: Mabaya.

MARIVIC: Mabaya vipi? Asubuhi ulisema ni safi kama gini.

JUNREY: Juu ni safi, unaona mpaka chini kabisa. Ndivyo yanavyomdanganya mtu. Ukipita pale kwenye matumbawe meupe maji yanakuwa baridi ghafla, na mkondo unatoka nje kama mto. Ukiachia mwamba umekwenda. Asishuke mtu pale kesho, dada. Wala kesho kutwa.

MARIVIC: Papa si anapenda mkondo? Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Mbona na mimi nilimwona kwenye mkondo, palepale, siku yangu ya kwanza? Unakumbuka? Nimemwambia mzee juzi mezani: sisi kwenye duka hili hatugongi bure.

JUNREY: Salio la Berting linakwisha. Ngoja nije, tutaongea—

MARIVIC: Usikate. Namtumia salio kwa simu ya dukani... ee. Limefika?

JUNREY: ...Limefika.

MARIVIC: Haya. Nikamwambia: nenda kwa jirani uone vijana wake. Mgeni akinuna, wanagonga mtungi wa hewa kwa chuma, ko ko ko, wananyoosha kidole kwenye maji matupu, wanaweka ngumi kichwani. Mgeni anaibuka juu anaapa kaona mkia. Hapa hakuna hiyo. Mdogo wangu akigonga, nikamwambia, ujue kuna kitu.

JUNREY: Dada, nyamaza.

MARIVIC: Unaniambia mimi ninyamaze?

JUNREY: Nakuomba. Nyamaza kidogo tu, maana ukiendelea sitaweza kusema. Niligonga bure.

MARIVIC: Lini?

JUNREY: Leo. Hakukuwa na papa.

MARIVIC: (mkwaruzo) Rudia.

JUNREY: Hakukuwa na papa, dada. Hakukuwa na kitu chochote. Dada?

MARIVIC: Nipo. Sema.

JUNREY: Asubuhi kwenye ngalawa hakusema neno. Kakaa mbele anafuta kamera yake, anafuta tu. Nikamhurumia. Tukashuka, tukazunguka, hakuna. Hewa yake ilikuwa inakaribia nusu, nikaona huyu mzee anarudi kwao hivihivi. Nikagonga. Nikanyoosha kidole kule nje kwenye maji ya buluu, nikaweka ngumi kichwani. Kwa kawaida mgeni anakaza macho, anaitikia kwa kichwa, anafurahi, tunapanda. Yeye akapiga mapezi! Akauacha mwamba, kamera mbele, akaenda moja kwa moja. Nikamfuata mpaka miguu ikakataa. Akageuka mara moja tu, akanifanyia alama ya "sawa", vidole vimefanya duara. Alikuwa ananishukuru. Halafu sikumwona tena.

MARIVIC: Ungemwua.

JUNREY: Najua.

MARIVIC: Hujui. Binti yake anapiga kutoka Norwei tangu asubuhi. Mara ngapi nimemwambia usiwe na wasiwasi, mama, mdogo wangu anaijua ile bahari kuliko kitanda chake! Yule dada wa watu akaniambia asante. Asante, Junrey! Niufiche wapi uso wangu?

JUNREY: Naona aibu, dada. Nimekaa huku nje kwenye mchanga, siwezi kuingia. Kila nikichungulia ananiita. Anataka kunivalisha saa yake.

MARIVIC: Usiipokee.

JUNREY: Sijaipokea. Nimemwambia nakwenda kupiga simu.

MARIVIC: Na ulikuwa unasubiri nini? Kama nisingetaja Wakorea ungesema?

JUNREY: Sijui.

MARIVIC: Walau hapo hujadanganya.

JUNREY: Nilitaka kusema tangu mwanzo, ukawa unafurahi—

MARIVIC: Usinitwishe mimi! Ningewashusha watu sita kwenye ule mto, nawatafutia kitu ambacho hakipo! Nanyoosha na mimi kidole kama punguani! (anakohoa) Shika, sikiliza. Nachukua kitambaa. Nafuta. Unasikia? Nafuta mbele ya jirani, kasimama pale mlangoni anatabasamu na paka wake. Wakorea nitawaambia ukweli. Wakitaka dagaa na kasa, karibu. Wakitaka kwenda kwa jirani, waende.

JUNREY: Nisamehe, dada.

MARIVIC: Mzee utamwambia wewe. Leo, hukohuko, kabla hajapanda ngalawa. Usimwambie "nilidhani nimeona". Mwambie kama ulivyoniambia mimi.

JUNREY: Atavunjika moyo. Kasema sasa hata akifa hana deni na bahari. Kasema atakwenda kumwambia mkewe kaburini.

MARIVIC: Ndiyo maana utamwambia leo.

JUNREY: Ni mzee, dada. Ana furaha. Kwani furaha yake inamdhuru nani sasa?

MARIVIC: Mwaka ujao atarudi, si atarudi? Ataomba umpeleke palepale. Ukigonga atakwenda tena.

JUNREY: Ee. Atakwenda.

MARIVIC: Basi.

JUNREY: Nitamwambia. Naingia sasa hivi. Berting anataka simu yake, kwa hiyo—

MARIVIC: Umesema "kwa kawaida".

JUNREY: Eh?

MARIVIC: "Kwa kawaida mgeni anakaza macho." Si ndivyo ulivyosema? Kwa hiyo si leo tu.

JUNREY: Dada, mtandao unakatika huku...

MARIVIC: Haukatiki. Nakusikia unavyopumua.

JUNREY: ...Si leo tu. Wote wanafanya. Siku ukikosa kabisa, siku mgeni anaondoka kesho yake. Si mara nyingi.

MARIVIC: Na wangu?

JUNREY: Wako gani?

MARIVIC: Usijifanye. Nilitoka Hong Kong na akiba yote ya kufua na kuogesha watoto wa watu. Nilitaka kumjengea mama nyumba ya matofali, si kufungua duka. Wewe ukasema njoo kwanza nikuonyeshe kitu. Ukanishika mkono, ukanishusha kwenye kona, ukagonga.

JUNREY: Salio linakwisha, dada.

MARIVIC: Halikwishi. Nimeliweka mimi. Nimemchora yule papa kwenye kibao cha duka. Nimemchora kwenye fulana. Padri alipokuja kubariki mitungi nilimsimulia mpaka maji ya baraka yakamkaukia mkononi. Nijibu.

JUNREY: Ulikuwa unaogopa. Ulikuwa unataka kurudi Hong Kong mwezi ule ule, na mama analia kila siku. Nikasema dada akipenda bahari atabaki.

MARIVIC: Sikukuuliza hilo.

JUNREY: Maji yalikuwa safi sana siku ile. Unaona mpaka mbali.

MARIVIC: Na?

JUNREY: Hakukuwa na kitu, dada.

MARIVIC: Niliuona mkia.

JUNREY: Najua.

MARIVIC: Haya. Kamwambie mzee. Salio lililobaki mwachie Berting.