Daktari Kang Hui-chun na Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika hapa Puzi asubuhi hii, kwa niaba ya familia, mimi Kang Hui-fen, mdogo wake marehemu, naomba mnisikilize nisome maisha ya dada yangu kama alivyotaka yasomwe, bila kutiwa chumvi.

Marehemu Daktari Kang Hui-chun alizaliwa hapa Puzi tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa wazazi waliouza wali wa bata mzinga sokoni, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari ya wasichana Chiayi, kisha udaktari Kaohsiung, akahitimu Juni 1986, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali moja ya Tainan, kitengo cha magonjwa ya akili.

Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na mwalimu Tu Ching-shan, aliyetutangulia mwaka 2013, wakajaliwa mtoto mmoja, Tu Po-wei, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1992, ndiye huyo mnayemwona ameshasimama na kukaa mara kadhaa tangu tuanze. Po-wei ana tatizo la upungufu wa umakini, aliwahi kwenda shule na kiatu kimoja, na walimu walimwita mvivu mpaka dada akachoka kuwaeleza.

Kuanzia mwaka 2014 marehemu aliongoza utafiti ambamo watu wazima wenye tatizo hilo waliwekewa kichwani sponji zilizolowekwa maji ya chumvi, wakapitishiwa umeme hafifu, kisha ubongo wao ukapigwa picha ili kuona kama sehemu zake zinawasiliana vizuri zaidi. Po-wei aliomba kushiriki, mama yake akajitenga naye kama kanuni zinavyotaka, akamwachia wenzake, na siku ya kwanza tu, akiwa anasubiri, Po-wei akala vitafunio vya mahindi vya pakiti ya kijani, vile ambavyo huku kwetu huwekwa juu ya mashine ili isigome, na ambavyo haviguswi.

"We Po-wei, umemla mlinzi wetu!" fundi wa mashine, Liao, akapiga kelele, naye Po-wei akajibu huku anatafuna, "Kaka Liao, mlinzi gani analala kazini?" Kesho yake mashine ya picha iligoma.

Baada ya wiki sita Po-wei alimaliza kitabu kizima kwa mara ya kwanza maishani, picha zikaonyesha mawasiliano yameimarika, na mama yetu, aliyekuwa bado hai, akachinja bata mzinga wawili. Miezi mitatu baadaye picha za washiriki wengi, na za Po-wei pia, zilikuwa zimerudi kama za mwanzo. Wakubwa wa hospitali walitaka picha hizo za mwisho zisiingizwe kwenye ripoti, dada akakataa, akaandika yote, na mwaka 2017 akaondolewa kwenye uongozi. Kilichomuuma hakikuwa cheo. Po-wei alimwambia mezani, mbele yetu sote, "Mama, nilikuwa nimepona mpaka ulipoandika kwamba sijapona," akaondoka, na sikukuu mbili za mwaka mpya hakuja.

Februari 2023 marehemu aligundulika ana saratani ya kongosho. Po-wei akafunga karakana yake ya pikipiki, akahamia wodini, akaunguza supu, akapoteza funguo za nyumba, na juu ya pampu ya dawa ya maumivu akaweka pakiti ya kijani. Nesi alimwona ana njaa, akamwambia afungue tu, atamnunulia nyingine.

"Hapana, sista, hii iko kazini," alisema.

Dada alicheka, akanigeukia, "Hui-fen, hilo usije ukaliandika kama tiba." Sijaliandika hivyo.

Alifariki tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, bila maumivu.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, majirani waliotupikia, wenzake wa utafiti, na fundi Liao, aliyefika leo akamkumbatia Po-wei kabla ya kusalimia mtu mwingine yeyote.

Pakiti ile Po-wei ameiweka jenezani kwa mkono wake, haijafunguliwa. Dada, lala kwa utulivu.