Funguo Ninazo Mimi

Tumsifu Yesu Kristo! Hiyo “milele amina” yenu imekuwa ndogo, ndugu zangu. Nitarudia mpaka mwitikie vizuri, maana leo sikuja kunong'ona.

Mimi naitwa Skolastika, mjane, mama wa watoto watatu. Mume wangu alipofariki, tulikuwa tunaishi kwenye nyumba tuliyojenga wote wawili. Maji ya kukandia udongo wake niliyabeba kwa kichwa hiki. Siku ya kuondoa matanga ukoo ukakaa, ukamtaja mdogo wake marehemu, Gaudensi, kuwa msimamizi wa mirathi. Yeye akaniambia mbele ya watu: nikubali kurithiwa naye, au nifungashe. Nikafungasha.

Nyie mnajua tulikolala. Pale barazani kwenye mashine ya kusaga, baridi yote ya Juni, wanangu wakiamka weupe kwa unga. Na wengine wenu mliomo humu mlinifuata mkaniambia, “Dada, jishushe, rudi kwa shemeji yako.” Nimewasamehe. Lakini kusema nitasema.

Ndipo nikasikia habari za ule mfuko wa jamii wa hapa mjini, unaotoa ruzuku kwa familia zisizo na makazi. Wao wanatoa kiwanja, bati, saruji na fundi. Matofali unafyatua mwenyewe. Nikachukua fomu. Sasa kwenye fomu kuna mahali pa mkuu wa kaya, na karani aliyekuwa anatusaidia kujaza akasema lazima awe mwanaume. “Mwandike shemeji yako, mama. Hiyo ni karatasi tu.”

Ndugu zangu, nilichoka. Nikashika kalamu, nikaanza kuandika Gaudensi. Binti yangu Debora, anayejua kusoma, akachungulia, akaniuliza, “Mama, kwa hiyo ba'mdogo atatufukuza na huko?”

Nikaichana ile fomu palepale. Nikaomba nyingine, pale pa mkuu wa kaya nikaandika Skolastika. Karani akacheka, akasema haitapita. Na kweli, wiki zikapita, kimya.

Nilimlilia Mungu, siwafichi. Nikamwambia, “Baba, kama wewe ni mume wa wajane, basi simama kama mume.” Kisha nikashuka bondeni na kalibu ya kuazima, nikaanza kufyatua matofali. Nyumba sina, kiwanja sina, nafyatua. Watu wakipita wananiuliza, “Mama Debora, hayo ya ikulu?” Nawajibu, “Ya kwangu.” Nikayapanga tanuru, nikayachoma mwenyewe, mikono ikatoka malengelenge.

Siku moja akapita mama mmoja wa kamati ya mfuko, alikuwa anakwenda kukagua familia nyingine. Akaliona tanuru, akasimama. “Shikamoo, mama,” nikamwamkia.

“Marahaba. Haya matofali ya nani?”

“Yangu.”

“Mumeo yuko wapi?”

“Kwa Mungu. Na fomu yangu iko ofisini kwenu, haina jina la mwanaume, ndiyo maana imekaa.”

Yule mama alizunguka tanuru, akagonga matofali mawili yakalia vizuri, akaniuliza jina langu kamili. Kesho yake nikaitwa ofisini. Fomu ilipita vilevile nilivyoiandika!

Siku ya kukabidhiwa nyumba, nani akaja? Shemeji Gaudensi, amevaa koti. Akanyoosha mkono mbele ya kamati, anasema funguo za nyumba ya watoto wa marehemu hukaa kwa mwanaume wa ukoo. Watu wakaniangalia mimi. Zamani ningeangalia chini.

“Karibu ndani, shemeji,” nikamwambia. “Chai ipo. Funguo ninazo mimi.”

Akaingia. Alikunywa vikombe viwili, akaaga.

Namshukuru Mungu, nawashukuru na wale wa mfuko. Na wewe dada uliyekaa huko nyuma, unayeambiwa urudi ukanyenyekee, nakuona. Mtegemee Mungu, na jina lako liandike mwenyewe. Ukikosa pa kulala, njoo kwangu, nyumba ya kwanza ukivuka kijito. Piga hodi hata ukiwa na watoto wote. Hutaambiwa usubiri baba mwenye nyumba arudi. Nitakufungulia mimi.