Mimi Ndiye Niliyewasha

Sifa kwa Mungu aliyetuamsha leo, akina mama. Naomba niongee nikiwa nimesimama. Nikikaa nitaanza kuchezea leso, halafu nitawaficha nusu ya maneno.

Nimetoka mahali panapoitwa Kwanza, kule upande wa Kitale, ndiko nilikoolewa. Nyumbani kwetu ni Lwakhakha, kwa hivyo hapa Bungoma mimi si mgeni. Mwenyekiti aliniomba nije niwaambie nyinyi wenye ng'ombe vile mtu anatoa uchafu kwa mashine ya kukata majani ikikwama. Nitawaambia. Lakini siwezi kuwaambia hayo kabla sijasema nilivyoyajua.

Tuna ng'ombe wanne. Mzee wangu, yaani mume wangu, ndiye alikuwa anakamua. Mashine yetu ni ya stima. Imekaa nje chini ya mabati, na swichi yake ilikuwa ndani ya stoo. Ukiwa kwa swichi huoni mashine, na ukiwa kwa mashine huoni swichi. Hivyo ndivyo fundi alivyotufungia, na sisi hatukuuliza.

Asubuhi moja ya mvua, stima ikapotea mzee akiwa katikati ya kukata mabua. Yalikuwa mabichi, yamelowa, yakajazana kwa mdomo wa mashine mpaka gurudumu la visu likashikwa. Mzee akaingia stoo, akazima swichi, akarudi kuyavuta kwa mkono. Mimi nilikuwa jikoni. Sikujua amezima, na sikujua mkono wake uko wapi. Nilikuwa na haraka. Nilitakiwa kwa matanga ya jirani, na singeweza kuondoka ng'ombe wakiwa na njaa. Mara taa ya jikoni ikawaka. Nikasema afadhali, imerudi. Nikakimbia stoo, nikaona swichi imezimwa, nikaiwasha.

Ndugu zangu, nawaambia, ile mashine haikulia kama kawaida. Ilikohoa mara moja tu. Halafu nikamsikia mzee akiniita kwa jina. Hakupiga nduru. Aliniita kama mtu anayetaka aletewe maji.

Vidole vitatu, mkono wa kulia.

Nikazima. Nikamfunga kwa leso, jirani akatoa gari, tukafika hospitali. Daktari akauliza, "Ilikuwaje?" Nikafungua mdomo, nikasema, "Stima ilirudi ghafla." Si ilirudi kweli? Mzee alikuwa kitandani, uso umejaa jasho. Akaniangalia, kisha akamwambia daktari, "Labda sikuzima vizuri."

Hapo ningesema. Sikusema.

Kila mtu aliyekuja kutuona aliambiwa hivyo hivyo. Walimpa mzee pole, halafu wakamgombeza kidogo: ati mtu mzima, unawekaje mkono kwa mashine bila kuzima? Na yeye anaitikia tu, "Ni kweli." Mimi niko hapo hapo namimina chai.

Kuanzia siku hiyo sikukaa. Ninafagia uwanja ambao umeshafagiwa. Ninaanza kufua, ninaacha nguo kwa maji ninaenda shambani, nikifika nimesahau nilichofuata. Mashine sikuigusa. Nilikata majani kwa panga mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikaona ni sawa viniume. Mzee akianza kuhangaika na vifungo vya shati, mimi natoka nje. Naenda Lwakhakha kumwona mama, siku mbili nimerudi. Nakuja hapa Kibabii kwa dada yangu, hata begi sijafungua, nasema wacha nirudi nikakamue. Na nikikamua, ng'ombe anapiga teke. Hata yeye alijua hiyo mikono haijatulia.

Aliyenishika ni mama yangu. Nilikuwa kwake, nikainuka mara ya tano chai haijapoa. Akasema, "Mwanangu, unazunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Una nini?"

Nikalia. Nikamwambia yote. Nilidhani atanihurumia. Akaniangalia, akasema, "Sasa mimi umeniambia ya nini? Mimi vidole vyangu viko kumi."

Nikarudi Kwanza siku hiyo hiyo.

Nilimkuta mzee amekaa kwa kigoda mbele ya mashine. Yule jirani wa gari, aliyekuwa akitukatia majani nisipokuwepo, alikuwa ameijaza mabua mabichi, ikakwama tena, na mzee akamkataza kuigusa. Kumbe nilipokuwa natangatanga, alikuwa ameita fundi mwingine. Swichi ya stoo iliondolewa, mashine ikawekewa waya mrefu wenye plagi.

"Umefika wakati mzuri," akaniambia. "Chomoa plagi, uje nayo hapa niione."

Nikachomoa, nikaileta. Akaniambia niishike, nisiiachilie.

"Wacha nitoe mimi hayo mabua," nikasema.

"Hapana. Natoa mimi. Wewe shika plagi."

Akanionyesha gurudumu. Akasema usilione limesimama ukadhani limelala. Ukitoa mabua yanayolishika, linaweza kuzunguka ghafla na visu vyake. Akachukua kipande cha mti, akakipenyeza katikati ya gurudumu likakazwa. Kisha kwa mkono wa kushoto akashika chuma alichokipinda mwenyewe nchani, akaanza kuvuta mabua nyuma, pole pole. Mkono wenyewe haukuingia.

Mimi nimesimama hapo na ile plagi. Mwanamke yule yule, mashine ile ile, na mzee ameinama, amenipa mgongo bila hata kuniangalia. Nikaishika plagi kwa mikono miwili.

"Baba," nikamwambia mzee. "Siku ile ulizima. Mimi ndiye niliyewasha."

Hakugeuka. Akavuta bua moja, akaliweka chini.

"Najua. Nilisikia mlango wa stoo."

"Mbona uliwaambia watu ni wewe?"

"Pale hospitali nilikuficha, watu wasikutafune. Baadaye nikanyamaza kwa hasira. Nilitaka nione utanyamaza mpaka lini." Akavuta lingine. "Na mimi nilikosa. Niliweka mkono bila kukuambia niko huku. Ungejuaje?"

Msidhani tulikumbatiana. Mzee alinikasirikia wiki nzima, safari hii waziwazi, na mimi nikamkasirikia kwa kuniacha niteseke hivyo. Lakini jioni hiyo nilikaa chini nikanywa chai mpaka kikombe kikaisha. Siku hizi tunakamua wawili, yeye na mkono wake wa kushoto upande huu, mimi upande ule.

Namshukuru jirani aliyetoa gari, na akatukatia majani bila kuchoka. Namshukuru muuguzi aliyemfundisha mzee kushika kijiko upya. Namshukuru mama yangu. Na namshukuru mzee, maana nilimwuliza kama naweza kuja kusema haya mbele yenu, akaniambia nenda, lakini usikate kipande.

Basi mashine ikikwama, zima, chomoa, na plagi ikae mahali ambapo yule anayetoa uchafu anaiona kwa macho yake. Ngoja visu vitulie, kaza gurudumu kwa mti, vuta kwa chuma, usivute kwa mkono. Mwambie mwenzako kwa sauti uko wapi. Na wewe ukikuta swichi imezimwa, usiiwashe mpaka umwone aliyeizima.

Hayo ni ya mashine. Lingine ni hili. Kama kuna mtu hapa aliumiza mwenzake na bado hajasema, sitamuuliza ni nini. Rudi nyumbani umwambie yule aliyeumia. Atakasirika. Mwache akasirike.

Asanteni. Sasa naweza kukaa.