Askari Aliyewekwa Kati ya Wafalme: Mwalimu Micah Kosgei Anastaafu

Tarehe 30 Novemba 1957 Mwalimu Micah Kosgei atafunga mlango wa darasa la pili na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ameitumikia shule yetu ya wainjilisti hapa Nakuru kwa miaka thelathini, muda ambao hakuna mtumishi mwingine wa shule hii aliyeufikia.

Mwalimu Kosgei ni mwenyeji wa Rongai. Alichunga ng'ombe wa baba yake, akajifunza kusoma katika kanisa la udongo lililokuwa kando ya reli, na mwaka wa 1927 akaletwa hapa kuwa msaidizi wa mwalimu. Kwanza aliwafundisha herufi vibarua wa mashamba waliokuja jioni, wengine wakisinzia juu ya vibao vyao. Baadaye alikabidhiwa somo la Wafalme wa Israeli na Yuda, na hakuliacha tena. Wanafunzi humwita Mzee wa Wafalme. Yeye hujifanya hasikii.

Somo hilo lina msingi mmoja. Wafalme wale wa kale waliishi kweli na kutawala kweli, lakini Mungu aliwatanguliza kama vivuli, na Kristo ndiye mwenye vivuli. Kila mwaka Mwalimu Kosgei huanza nje, asubuhi, jua likiwa bado chini. Mwanafunzi mmoja husimama nyuma ya pembe ya jengo, kivuli chake kikianguka uwanjani, na wenzake hutakiwa kusema ni nani. Kwa kawaida hujulikana kwa kofia. Ndipo Mwalimu husema, "Basi Daudi ndiyo kofia hiyo. Twendeni darasani."

Bidii ya somo hili ilipita kiasi zamani, na Mwalimu Kosgei ndiye aliyeichochea. Aliwaambia wanafunzi kwamba hakuna tendo la mfalme lisilomwonyesha Kristo; asiyeliona hajatafuta. Wakaanza kushindana. Mmoja aliwaona mitume kumi na wawili katika punda waliopotea wa baba yake Sauli, ingawa Maandiko hayasemi punda hao walikuwa wangapi. Alipewa alama nzuri.

Mwaka wa 1950 mchezo huo ulifika Subukia. Mwinjilisti Kipsang, aliyekuwa amemaliza masomo yake kwetu, alihudumia kanisa dogo katika shamba moja la kahawa na mahindi. Jumapili moja alihubiri habari za Daudi na mke wa Uria. Alisema kwamba Daudi alipomchukua mwanamke yule alikuwa kivuli cha Kristo akilichukua Kanisa kutoka kwa bwana wake wa kwanza, yaani Sheria. Aliamini kwamba amehubiri vizuri.

Katika benchi la mbele aliketi nyapara wa shamba hilo, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa. Mwezi uliotangulia alikuwa amempeleka mfanyakazi mmoja, Wamalwa, akalinde mpaka wa juu wa shamba, mbali na nyumba yake. Kisha alimwambia Nasimiyu, mke wa Wamalwa, kwamba asipohamia kwake wote wawili watafukuzwa shambani. Nasimiyu alihamia. Watu walinung'unika, na nyapara alikuwa ameanza kuona haya. Siku ile haya ilimwisha. Alitoka kanisani akicheka, akamwambia Kipsang mbele ya watu, "Mwalimu, mmenisumbua bure. Kumbe nilikuwa ninafuata kivuli!"

Wamalwa alishuka kutoka mpakani, akaja Nakuru kwa miguu, na kumkuta Mwalimu Kosgei akifuta ubao. Hakupiga kelele. Alisimulia yaliyotokea, kisha akauliza swali moja tu.

"Mzee, kama nyapara ni Daudi, mimi ni kivuli cha nini?"

Walimu tuliokuwapo tulimtazama Mwalimu Kosgei. Aliweka kitambaa chini. Alimpa Wamalwa kiti, akamletea chai, na kusema, "Sijui, ndugu yangu. Nipe mpaka Jumapili."

Jumapili iliyofuata alipanda baiskeli kwenda Subukia na kuomba mimbari. Kipsang alimpa. Nyapara alikuwa mahali pake pa mbele, Wamalwa alikuwa benchi la upande wa pili, na Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni.

"Kipsang hakukosea peke yake," alisema. "Aliyemfundisha ni mimi, na nilimfundisha nusu. Daudi ni kivuli cha Kristo anapochunga kondoo. Ni kivuli anapomwacha Sauli hai pangoni, na anapovuka kijito cha Kidroni akilia. Lakini siku alipomchukua mke wa mtu hakuwa kivuli cha Kristo. Alikuwa mwizi!"

Nyapara aliinuka. "Mzee, unamtukana mfalme wa Mungu?"

"Keti. Nabii Nathani alimwambia zaidi ya hayo, na Daudi alikubali. Wewe je?"

Kisha alimgeukia Wamalwa. "Uliniuliza swali. Katika habari za siku ile, mtafuteni Kristo kwa Uria, yule askari. Aliitwa nyumbani akakataa kulala kitandani pake, kwa kuwa wenzake walikuwa vitani. Alibeba barua ya kifo chake mwenyewe asiifungue. Hakuwa mfalme, wala hakuwa Mwebrania. Lakini kivuli kilimwangukia yeye."

Nasimiyu aliingia kutoka mlangoni, akapita mbele ya nyapara, akaketi karibu na mumewe. Jioni hiyo hiyo walifunga mizigo yao, na wala hawakungoja kufukuzwa.

Nyapara alipeleka mashtaka kwa halmashauri ya shule, akidai kwamba Mwalimu amevunja heshima ya Maandiko na ya wazee. Mwalimu Kosgei aliondolewa darasani kwa muhula mzima. Aliutumia kupaka chokaa kuta za bweni, na lazima isemwe kwamba kazi hiyo hakuiweza. Halmashauri iliposikiliza watu wa Subukia, ilimwondoa nyapara katika uzee wa kanisa na kumrudisha Mwalimu Kosgei kwa sharti moja: afundishe kila mfalme kwa pande mbili, mahali anapofanana na Kristo na mahali anapomhitaji. Alijibu kwamba alikuwa ameanza tayari.

Tangu hapo, kivuli kinapotambuliwa uwanjani, yeye huuliza swali la pili: "Anacheka au analia?" Hakuna anayejua. "Basi msikiseme zaidi ya kinavyoonyesha." Na katika orodha ya wafalme ubaoni, chini ya Daudi, limo jina la Uria. Wageni hudhani ni kosa.

Jambo lililobaki lilikuwa nani atakayelishika somo hili. Wajumbe kadhaa walitaka lifutwe, wakisema ni la hatari. Mwalimu Kosgei alikubali kwamba ni la hatari, akaomba lipewe mtu aliyewahi kuungua nalo. Halmashauri imemteua Mwinjilisti Kipsang, kuanzia Januari.

Wamalwa sasa ni mfanyakazi wa reli katika stesheni ya Nakuru. Yeye na Nasimiyu wataketi mbele siku ya sherehe, pamoja na mtoto wao wa pili. Anaitwa Uria.

Mwalimu, tunakushukuru kwa ulichofundisha, na kwa siku uliyosema, "Sijui." Rudi Rongai kwa amani. Ng'ombe wako wapate majani, nawe upate usingizi wa mchana, na mwenye vivuli akulinde.