Wauza Samaki wa Mwezi wa Magh

Benchi la chai kwenye ule uchochoro wa kaskazini mwa Kolkata lilikuwa la wanaume tangu lilipopigiliwa misumari. Asubuhi magazeti, jioni mpira na siasa. Mwanamke alipita, hakuketi. Jioni hiyo Torsha, akitoka kutetea tasnifu yake ya historia chuoni, aliwaambia “sogeeni,” akaketi. Wakasogea: Mzee Habul, kondakta mstaafu wa tramu, Montu wa duka la miwani, na Pocha, ambaye hakuna ajuaye kazi yake ila hakosekani.

— Mbona umekunja uso hivyo? aliuliza Habul. Wamekuangusha, mwanangu?

— Nimepita, bamkubwa. Hii hasira ni ya mchana, haijapoa tu.

— Nani kakuudhi?

— Mtahini. Si nimeandika juu ya wale kina mama wauza samaki waliogoma mpaka soko letu likafungwa? Bibi aliyenisimulia alisema ilikuwa mwezi wa Magh, mwaka wa 1352 wa kalenda yetu ya Kibengali. Mtahini akajumlisha mia tano tisini na tatu kupata mwaka wa Kizungu, ikawa 1945. Magazeti yanasema 1946. Basi, akasema, ajuza kachanganyikiwa, sura nzima nifute.

— Kwani si ndivyo tunavyojumlisha? alisema Montu.

— Mwaka wetu unaanza Aprili, kaka Montu. Magh ikifika, Januari ya Kizungu imeshaingia. Hapo unaongeza na moja. Nikamwuliza, “Profesa, Saraswati, mungu wetu wa elimu, tunamwabudu mwezi gani?” Akasema Magh. “Na Januari inakuwa imeingia, au bado?”

— Akasemaje?

— Akatafuta miwani, na alikuwa ameivaa. Sura imebaki. Wameisifu kuliko zote.

Habul alicheka mpaka chai ikamwagika. Pocha akajivuta mbele.

— Mgomo huo si ndio alioanzisha bibi yangu. Alimchapa polisi kwa hilsa.

— Hilsa mwezi wa Magh? Acha fiksi, alisema Habul. Hilsa ni samaki wa msimu wa mvua. Aliyemchapa ni bibi yangu, tena kwa kambare. Halafu akasimamisha tramu kwa sauti tu.

— Tramu kitu gani, alidakia Montu. Wa kwangu alimkaripia gavana, gavana akapanda meli akarudi kwao. Uhuru huu mnaojidai nao ulitoka kwenye beseni la bibi yangu.

Zamani Torsha angewabishia mmoja mmoja mpaka wakimbie. Tasnifu ilikuwa imemfundisha kuanza na swali dogo. Akatoa kalamu.

— Vizuri. Tasnifu haijajalidiwa bado, naweza kuwaongeza. Bibi zenu waliitwa nani?

— Bibi, alisema Pocha.

— Jina lake.

— Watu walimwita Mama Nimai.

— Nimai ni baba yako, Pocha. Yeye?

Pocha akatazama chai. Montu akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

— Wewe hao wa tasnifu yako unawajua? alinong’ona Habul.

— Khiroda. Nistarini. Sorojubala. Panchi, aliyefunga lango la soko kwa ushungi wake. Wako ukurasa wa kwanza, kabla ya jina langu.

Akamaliza chai, akakitupa kikombe chake cha udongo, cha kunywea mara moja tu, kikavunjika pale pale vinapovunjikia vya wanaume, akaagiza kingine. Habul alikuwa ameshasimama, anatafuta kandambili zake.

— Unakwenda wapi, Habul? aliuliza Montu. Chai hujamaliza.

— Kwa dada yangu mkubwa. Yuko hai bado. Huenda jina la bibi analijua.

— Mwulize na mwezi, bamkubwa, alisema Torsha.