Viti Ishirini na Viwili

Kila chumba cha darasa la tatu kilikuwa na watoto thelathini na wanne na mwalimu mmoja. Ndiyo maana miaka minne iliyopita mji wetu ulipiga kura kujiongezea kodi ya nyumba, walimu waajiriwe. Sasa kura hiyo imerudi, kuamua kama kodi iendelee, na karatasi ya kura ya Darlene, mjane wa fundi bomba, ilikuwa mkobani bado haina alama.

"Mmekula hela zetu," alimwambia abiria aliyeketi kando yake kwenye basi, alipoona nembo ya shule kwenye shati lake. "Eti wastani watoto ishirini na wawili kwa mwalimu! Mmehesabu mpaka nesi kuwa mwalimu."

"Wamemhesabu, mama, sikatai," alisema Lonnie, mfagizi wa shule. "Ila mimi wastani haunidanganyi. Kila jioni napandisha viti juu ya meza nipige deki. Darasa la tano bado ni thelathini na kimoja, mgongo wangu unajua. La tatu ni ishirini na viwili. Jana nimevihesabu."

"Na chumba cha ziada mlikitoa wapi?"

"Kilikuwa cha muziki. Piano tuliitolea mlango wa nyuma."

Darlene aliguna. Mjukuu wake yuko la tatu, na Jumapili alimsomea ukurasa mzima bila kukwama. Hakulisema hilo, huyu mfagizi angetamba mpaka mwisho wa safari.

Basi lilisimama maktaba, penye sanduku la kura.

"Niazime kalamu," alisema.

Kila chumba cha la tatu kimepungua watoto kumi na wawili. Imegharimu piano moja, chumba cha muziki, na dola kumi na nne za kodi ya mjane kila mwezi.