Sista Munira na Vidonge vya Temeke

Tarehe 30 Juni 1998 Sista Munira Mbwana anavua sare baada ya miaka thelathini na minne ya unesi, sita ya mwisho akiwa nasi katika kliniki ya akina mama hapa Mikocheni. Wasifu huu, wa kusomwa ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga, ulikusudiwa kuchekesha. Lakini wiki iliyopita, madaftari yalipotolewa kabatini masijala kwa ajili ya makabidhiano yake, ulifunguka ukurasa mmoja, na mwandishi wenu hajakaa sawa tangu siku hiyo.

Tuanze na ya kucheka. Enzi za mgao wa umeme Sista alikuwa akienda Kunduchi kugombea barafu na wauza samaki, ili sindano za homoni zisiharibike. Chumba cha sindano kikanuka samaki changu wiki nzima. Mgonjwa mmoja akaziba pua, akaulizwa: "Mwanangu, wataka mtoto au wataka marashi?"

Mwaka 1994 Daktari Revelian alianza kulinganisha dawa mbili za kuivisha mayai ya wanawake waliochelewa kupata mtoto. Habari za mimba kutungwa maabara tulizisikia za nchi za nje tu. Kwetu swali lilikuwa moja: vidonge vya siku tano, au sindano za kila siku? Walichaguliwa wanawake arobaini, nusu huku, nusu kule. Sista akaja na utaratibu wake: kila wa vidonge aliunganishwa na wa sindano wa mtaa mmoja, wakumbushane na kusindikizana. Hakuna aliyekosa siku, na Daktari alimsifu mbele yetu sote.

Wawili kati yao walipanga nyumba moja Temeke, Demetria wa sindano na Chausiku wa vidonge. Walikula sahani moja. Chausiku akaona ni uchoyo kumeza dawa peke yake mwenzake akitazama, akamgawia nusu. Hivyo Demetria akapata dawa zote mbili, na kliniki haikujua.

Siku chache baada ya sindano ya mwisho, tumbo la Demetria likafura. Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Sista alipopita kumjulia hali alimkuta katikati ya majirani wanaompongeza, anahema kama aliyepanda vilima vya Pugu. Hakutoa hongera. Alimgusa tumbo, akapiga kelele litafutwe gari.

Haikuwa mimba. Mayai yalikuwa yameiva kupita kiasi, maji yamejaa tumboni, mkojo hautoki. Alilazwa siku kumi na mbili, na nne za mwanzo hakuna daktari aliyethubutu kutuahidi kitu. Mungu mkubwa, alipona. Ulinganisho ukafutwa, ukaanzwa upya.

Uongozi ulitaka kujua nani alitoa vidonge. Sista alijua, maana siku ile aliiona kwa Demetria paketi ya vidonge iliyokatwa nusu. Chausiku alisubiri kuitwa, hakuitwa. Muda mfupi baadaye Sista aliacha nafasi yake ya ukuu wa wauguzi, nasi tukaamini amechoka. Tena tulimtania kwamba anakimbia vikao!

Sasa ule ukurasa, wenye taarifa ya mkasa wa Demetria. Kwenye nafasi ya mwenye kosa ameandika kwa mkono wake: "Munira Mbwana. Niliwaunganisha wawili hawa bila kuwaeleza kwamba dawa zao hazichanganywi." Chini yake imebanwa barua ya onyo kali na ya kumvua ukuu. Hakuchoka hata kidogo. Alivuliwa, na akanyamaza miaka minne huku akituandalia chai.

Nimeusoma mara tatu nimesimama. Mwaka mmoja baada ya mkasa ule ni yeye aliyeniombea kazi hapa masijala, akanikabidhi funguo za kabati lenye ukurasa huo. Nami kwa woga sikuwahi kulifungua daftari la mwaka ule.

Demetria yupo ukumbini leo, mzima, na nimeshamwambia kila kitu. Sista, shikamoo. Ustaafu kwa amani na afya, na maisha yaliyobaki yawe matamu kwako. Daftari nimelirekebisha: kwenye nafasi ya mwenye kosa, chini ya jina lako, sasa kuna la kwangu.

Chausiku, karani wa masijala